Msitu wa Barabara ya Ngong na Moto wa Gari la Moshi

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899. Nchi iliyopitiwa na reli hiyo haikuwa na mgodi wa makaa ya mawe. Makaa yaliyo chini ya ardhi ya Mui, huko Kitui, yalikuwa hayajajulikana, na yale yaliyoletwa kwa meli kutoka ng'ambo yalizidi kuwa ghali kila yalipopelekwa mbali na bandari. Lakini injini ya gari la moshi ni kama mnyama: haiendi bila kulishwa. Wenye reli wakatazama kando ya njia yao wakaona chakula kimesimama tayari, nacho ni miti. Kwa muda wa miaka mingi gari la moshi lilikula misitu.

Magharibi ya mji, katika ardhi iliyo kati ya Dagoretti, Karen na Kibera, ulikuwako msitu wa asili wenye mihugu na miti mingine migumu ikuayo polepole. Mti wa namna hiyo haumfai mtu mwenye haraka. Sehemu kubwa ilikatwa, na mahali pake ikapandwa mikaratusi na miwati, miti ya Australia, ambayo hukua upesi. Mkaratusi una sifa moja zaidi, kwamba ukikatwa huchipuka tena kutoka kisiki chake. Vilevile hunywa maji mengi, ila jambo hilo halikuandikwa katika hesabu ya kuni.

Mwaka 1932 msitu huu ulitangazwa rasmi kuwa mali ya serikali, ukiwa na eneo la hektari 2,900 hivi. Karura nao ulitangazwa mwaka huo huo. Haki itendeke katika kusimulia: tangazo lile liliuhifadhi msitu kwa muda mrefu, wala waliolitoa hawakuwa wajinga. Kosa lilikuwa katika namna ya kuuthamini. Msitu uliohesabiwa kwa kuni peke yake, siku kuni zisipotakiwa, huonekana kuwa hauna kazi.

Siku hiyo ilifika. Baada ya Vita Kuu ya Pili injini ziligeuzwa zikawa zinatumia mafuta mazito, na kuni zikakosa mnunuzi wake mkubwa. Kwanza ardhi ya msitu ilimegwa kwa mahitaji ambayo mtu hawezi kuyalaumu sana, kama shule na uwanja wa maonyesho ya kilimo. Kisha mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wote ukapitwa na wachache. Sheria ya Misitu ya zamani ilimruhusu waziri kubadili mpaka wa msitu kwa tangazo la siku 28 tu katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ni raia wangapi wa Kibera au Kawangware waliokuwa wasomaji wa gazeti lile? Katika miaka ya 1990 vipande vya msitu viligawiwa watu binafsi na makampuni, kwa hati za kukodisha ambazo huweza kudumu hata miaka 99.

Mambo haya hayakupita bila upinzani. Mwaka 1989, katikati ya mji, ilikusudiwa kujengwa nyumba ya ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai alipeleka shauri mahakamani akashindwa. Chama chake kikapewa saa 24 kuhama katika nyumba ya serikali. Hata hivyo jengo lile halikusimama. Miaka kumi baadaye alipigwa akitetea Karura, na mwezi wa Agosti 1999 Rais Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Sasa tuitazame hesabu ya fedha. Aliyepewa ardhi alilipa ada ndogo, akaiuza kwa bei ya soko. Tume ya Ndung'u, iliyoteuliwa mwaka 2003 ikatoa taarifa yake mwaka 2004, ilionyesha kwamba mara nyingi mnunuzi alikuwa shirika la umma, hasa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Maana yake ni kwamba mfanyakazi aliyekatwa mshahara wake kwa ajili ya uzee aliinunua ardhi iliyokuwa yake tangu mwanzo, na faida ikabaki kwa mtu wa katikati ambaye hakupanda hata mche mmoja.

Hesabu ya maji ni nzito zaidi. Mto Motoine hupita katika msitu huu, huendelea kando ya Kibera, kisha huingia katika Bwawa la Nairobi lililojengwa mwaka 1953 ili kuwa akiba ya maji ya mji. Miti inapoondoka juu ya mto, mvua haizami tena ardhini bali hukimbia na udongo wake. Bwawa lile, ambalo zamani watu waliendeshea mashua za tanga, lilijaa tope, taka na magugumaji. Uchafu wa makazi yasiyo na mifereji ulichangia sana, na si kweli kuubebesha msitu lawama yote. Lakini bwawa lisilo na msitu nyuma yake ni kama mtungi usio na kifuniko.

Katiba ya mwaka 2010 imeitaja misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, isiyoweza kutolewa ila kwa Sheria ya Bunge. Hektari zilizobaki za Msitu wa Barabara ya Ngong ni 1,224 hivi, nazo zimepasuliwa na barabara kuu ya Southern Bypass. Anayepita humo kwa miguu bado ataiona mikaratusi, miti ya kigeni kati ya mihugu, ikichipuka kutoka visiki vyake.