Kihispania cha Mesa: wiki ya mmisionari na miaka 150 iliyo nyuma yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi taa huwashwa katika fleti ya vijana wawili mjini Mesa, jimbo la Arizona. Wanapiga magoti, wanasali, wananyoosha viungo, wanapika uji wa shayiri, na ikifika saa mbili kila mmoja ameshainamia vitabu vyake. Shati jeupe, tai, na kifuani kibao kidogo cheusi chenye jina la ukoo, likitanguliwa na neno Élder, na chini yake jina la kanisa kwa Kihispania. Wasomaji wa Nairobi na Dar es Salaam wamewahi kuwaona wenzao barabarani, wawili wawili. Kwa Kiswahili kanisa lao, la Wamormoni, limechagua kuwaita Mzee, na sisi tuliozoea kuliweka neno hilo juu ya mvi hushtuka kidogo kulisikia likitumika kwa kijana ambaye ndevu zake bado zinatafuta njia.

Huyu ninayemfuata ana miaka 19 na ametoka Idaho. Simpi jina, maana wiki yake wameishi maelfu. Atatumikia miezi 24 bila mshahara. Mmisionari wa kike wa umri wake hutumikia 18. Hakuulizwa angependa kupelekwa wapi. Barua ya wito ilisema Arizona, kisha ikaongeza kwamba atahubiri kwa Kihispania, lugha ambayo hadi siku hiyo aliijua kwa majina ya vyakula tu. Ndiyo maana sehemu ya kila asubuhi yake ni ya lugha: daftari la vitenzi, Kitabu cha Mormoni, andiko la kanisa lake, kwa Kihispania, na mwenzake anayemsahihisha.

Kitabu hicho kina historia inayostahili kusimuliwa polepole.

Mwaka 1874 Brigham Young, rais wa kanisa huko Salt Lake City, alimtaka Daniel W. Jones ajiandae kwa misheni ya Mexico. Jones alikuwa amekwenda huko akiwa kijana, kama mwanajeshi wa kujitolea katika vita vya Marekani na Mexico, na vita vilipokwisha akabaki miaka kadhaa. Kihispania chake kilikuwa cha soko na cha kambi. Kilitosha kununua farasi, lakini kutafsiri maandiko ni kazi nyingine. Mwaka huohuo akatokea Utah mtu ambaye hakuna aliyemtarajia: Melitón González Trejo, ofisa wa jeshi la Hispania, mzaliwa wa Garganta la Olla katika Extremadura, aliyekuwa ametumikia Ufilipino. Mmoja alikuwa na Kiingereza, mwingine alikuwa na Kihispania cha kuandikia. Wakaketi pamoja.

Jones alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1890, na humo kuna jambo ambalo limekaa nami tangu nilipolisoma. Viongozi waliuliza watajuaje kwamba tafsiri ni sahihi, wakati wao wenyewe hawaisomi. Jones akapendekeza jaribio: achukue ukurasa wa Kihispania, aurudishe kwa Kiingereza kwa mdomo, nao walinganishe na kitabu cha awali. Wakaridhika. Lakini anasimulia pia alivyokuwa akihariri. Anasema alipokuwa akipitia kazi ya Trejo alihisi kama uzi mwembamba unavutwa taratibu kutoka katikati ya paji la uso wake. Tafsiri ikiwa sawa, uzi uliteleza. Pakiwa na kosa, alihisi kama fundo dogo linapita, naye akasimama na kumwonyesha Trejo, ambaye alikuta kweli kuna kasoro. Unaweza kuamini asili ya uzi ule au usiamini. Mimi naona maelezo hayo yanamgusa kila aliyewahi kufanya kazi kati ya lugha mbili: kosa huhisiwa kabla halijajulikana.

Mwaka 1875 ilichapwa sehemu tu ya kitabu, kurasa 100 hivi, kwa jina Trozos Selectos, yaani vifungu teule. Septemba mwaka huo Jones na wenzake wachache wakavipakia vijitabu hivyo juu ya wanyama wa mizigo, wakakata Arizona hadi mpakani, na Januari 1876 wakaingia El Paso del Norte, mji unaoitwa sasa Ciudad Juárez. Kutoka Chihuahua walituma vijitabu kwa posta kwa watu mashuhuri wa miji ya Mexico. Kitabu kamili, kilichotafsiriwa na Trejo pamoja na James Z. Stewart, kilitoka 1886.

Hawakuwa wa kwanza kujaribu kuhubiri kwa Kihispania. Novemba 1851 mtume Parley P. Pratt alishuka Valparaíso, Chile, pamoja na mkewe Phoebe aliyekuwa mjamzito na kijana Rufus Allen, baada ya siku 64 baharini kutoka San Francisco. Alijifunzia Kihispania chomboni. Mtoto alizaliwa mwisho wa mwezi huo, akaitwa Omner, akafariki Januari 1852. Katiba ya Chile ya wakati ule haikuruhusu ibada ya hadharani isiyo ya Kikatoliki, nchi ilikuwa katika machafuko, na lugha ilikuwa bado nzito kinywani. Machi waliondoka bila kumbatiza mtu hata mmoja, wakaliacha kaburi dogo.

Kijitabu cha Jones na Trejo ndicho kilichofika pale mguu wa Pratt usipofika. Nakala moja iliangukia mikononi mwa Plotino Rhodakanaty, Mgiriki mzaliwa wa Athens, msoshalisti aliyekuwa amefungua shule ya wakulima huko Chalco. Akaisoma, akaandika barua Salt Lake City kuomba wahubiri. Novemba 1879 mtume Moses Thatcher, Stewart na Trejo waliingia jiji la Mexico, na ndani ya siku chache wakambatiza yeye na wenzake. Rhodakanaty hakudumu, alitaka jumuiya ya watu wanaomiliki mali kwa pamoja, kanisa halikuwa tayari kuianzisha pale, naye akaenda zake. Nasisitiza tu mpangilio wa mambo: barua ilitangulia mhubiri.

Jumanne ni siku ya milango. Kijana wetu na mwenzake wanaendesha baiskeli katika jua la Arizona ambalo halina utani, wakipita karibu na mtaa wa Lehi, kaskazini mwa mji. Mtaa huo ulianzishwa 1877 na yuleyule Daniel Jones, aliyeongoza walowezi hadi kando ya mto Salt. Aliwakaribisha wenyeji asilia, Wapima na Wamaricopa, wafanye kazi na kuishi karibu, na baadhi ya wenzake hawakulipenda hilo, wakafungasha wakaondoka. Mgogoro wa nani ana haki ya kuwa jirani wa nani ni wa zamani sana pale.

Ulirudi kwa sura nyingine Aprili 2010, Arizona ilipotia saini sheria namba 1070, iliyowataka polisi wachunguze hali ya uhamiaji ya mtu waliyemsimamisha, wakimshuku kuwa yuko nchini bila vibali. Mdhamini wake mkuu, Russell Pearce, alikuwa seneta wa jimbo kutoka Mesa, na mshiriki wa kanisa hilihili. Fikiria basi mmisionari wa miaka 19 akibisha hodi mwaka ule kwa mama aliyetoka Sonora, Mexico. Kibao kifuani mwake kilibeba jina la kanisa ambalo mama huyo amelisikia redioni likitajwa pamoja na sheria inayomtisha. Novemba 2011 wapiga kura wa eneo lake walimwondoa Pearce, na aliyemshinda, Jerry Lewis, alikuwa naye mshiriki wa kanisa. Juni 2012 Mahakama ya Juu ya Marekani ikafuta sehemu tatu za sheria hiyo na kukiacha kifungu cha polisi. Kanisa lenyewe halidai vibali vya uhamiaji kwa anayeomba kubatizwa. Hata hivyo hofu haifutwi na hukumu. Zipo nyumba ambamo televisheni inasikika ndani, pazia linatikisika, na mlango haufunguliwi.

Mlango unapofunguliwa, kijana hugundua kwamba Kihispania alichofundishwa ni cha kuombea maji. Shule aliyopitia ina chimbuko la kiofisi kabisa. Vijana walioitwa kwenda Mexico na Argentina walikuwa wakikwama Marekani miezi kadhaa wakisubiri viza, na Desemba 1961 chuo kimoja cha lugha kikafunguliwa huko Provo, Utah, ili wasikae bure. Walianza vijana 29, lugha moja, Kihispania. Chuo kikakua kikawa kituo cha lugha nyingi. Mwezi huohuo wa Desemba 1961 kikaundwa jijini Mexico kigingi cha kwanza cha kanisa chenye kuzungumza Kihispania, kigingi kikiwa kwao ni muungano wa makusanyiko kadhaa. Na mwaka 2013 wamisionari wakaanza kufundishiwa katika majengo ya iliyokuwa shule ya kanisa jijini Mexico, Benemérito de las Américas. Lugha ikarudi kufundishiwa kwa wenyewe.

Alhamisi ni siku ya kualikwa chakula, na hapo ndipo nafsi ya wiki ilipo. Mama wa nyumbani anaweka tortilla zilizofunikwa kwa kitambaa, maharage, na jagi la maji mekundu ya rozela, ambayo wao huyaita jamaica. Asubuhi za baridi angepewa atole, uji mwembamba wa mahindi ambao Mswahili yeyote angeutambua kwa harufu. Kahawa ya chungu yenye mdalasini anaikataa kwa adabu, kwa sababu kanuni yao ya afya, Neno la Hekima, inaikataza, na kukataa kinywaji katika nyumba ya mtu kunahitaji maneno mazuri kuliko kuhubiri.

Adabu hizo zina sarufi. Bibi wa nyumba anaitwa usted, neno la heshima. Kijana anajitahidi asiteleze akamwita tú, kama anayeongea na rika lake. Kisha anaombwa abariki chakula, na hapo anashangaa: Mungu anaitwa tú. Kwao Idaho alisali kwa viwakilishi vya kale vya Kiingereza, ambavyo hakuna mtu anayevitumia mezani. Huku mkubwa kuliko wote anaambiwa neno la karibu kuliko yote, na bibi wa jirani anabaki na lile la mbali. Hakuna daftari la vitenzi lililomwandaa kwa hilo. Nadhani theolojia yake hubadilika kidogo siku hiyo, hata kama hatoweza kueleza namna gani.

Waliomlisha wana madai yao katika historia hii. Mwaka 1913 mapinduzi ya Mexico yaliwaondoa wamisionari wa Marekani, na tawi la San Marcos, Hidalgo, likabaki chini ya Rafael Monroy, mwenye duka. Tarehe 17 Julai 1915 wanajeshi wa mwanamapinduzi Zapata walimpiga risasi yeye na Vicente Morales. Mwaka 1926 sheria za serikali zikawafungia nje tena wahubiri wa kigeni, na wenyeji wakaendesha makanisa yao wenyewe. Kwa hiyo mwaka 1936 kundi lililoitwa Mkutano wa Tatu liliomba jambo jepesi: rais wa misheni awe Mmexico kwa damu. Salt Lake City ilikataa, viongozi wao wakatengwa 1937, na karibu theluthi ya waumini wa Mexico wakaondoka nao. Walirudi kiasi cha 1,200 mwaka 1946, rais wa kanisa George Albert Smith alipokwenda mwenyewe. Naona ombi lao lilikuwa la haki. Watu waliozika wafu wao na kutunza vitabu vyao bila msaada walikuwa wamekwishaonyesha uwezo wa kuongoza.

Afrika Mashariki tunaijua sehemu yetu ya hadithi ya kuchelewa kuaminiwa. Hadi Juni 1978 kanisa hili lilimnyima ukuhani mwanamume mweusi popote alipo, na Kitabu cha Mormoni kwa Kiswahili kilitoka 2000, miaka 125 baada ya vijitabu vya Trejo.

Jumamosi, kama yupo wa kubatizwa, kisima cha kanisani hujazwa maji na wote wawili, mbatizaji na mbatizwa, huvaa nyeupe. Jumatatu ni siku ya matayarisho: kufua, kununua mayai na mchele, kukata nywele, kupiga simu nyumbani. Kabla ya Februari 2019 mmisionari aliruhusiwa kuwasikia wazazi wake mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Akina Mama. Sasa ni kila wiki, na katika wiki hizo za simu mama wa Idaho husikia neno la Kihispania likichomoza katikati ya sentensi ya mwanawe, kwa kuwa la Kiingereza limechelewa kuja.

Lakini Jumapili ndiyo ninayoipenda. Hekalu la Mesa, lililowekwa wakfu 1927, ndipo ibada za hekaluni zilipofanywa kwa mara ya kwanza katika lugha isiyo Kiingereza: Novemba 1945, kwa Kihispania, watu zaidi ya 200 wakiwa wamesafiri, wengine kutoka jiji la Mexico lenyewe. Mmoja wa watafsiri alikuwa Eduardo Balderas, aliyezaliwa jijini Mexico na kukulia El Paso, ambako wamisionari walikuta familia yake. Tangu 1939 kazi yake ya ajira ilikuwa kulitafsiria kanisa.

Katika kata, yaani kusanyiko, ya wasema Kihispania, darasa la Jumapili huketi kwa duara. Kijana anaombwa asome aya kwa sauti. Anaanza vizuri, silabi zinateleza, kisha anafika kwenye kitenzi cha hali ya dhana, kile ambacho Kiingereza chake hukitumia kwa nadra, na anakitamka kama jambo lililokwisha kutokea. Bibi aliye mkabala naye, yule wa tortilla za Alhamisi, hasemi kitu. Anainua kidole kimoja juu ya kitabu chake kilichochakaa na kumtazama. Kijana anasimama, anarudi mwanzo wa mstari, anasoma tena.