Mabega ya wapagazi na vyuma vya Mkuyuni

Jamani wadau, hapa Mkuyuni jioni vijana tunapiga tizi. Makopo ya rangi yanajazwa zege, bomba linapita katikati, basi chuma hicho! Ila wengi tunakimbilia baisepsi tu, msuli wa mbele ya mkono unaokunja kiwiko, kwa kuwa ndio unaoonekana ukivaa fulana. Mimi mwalimu mtarajiwa wa historia nasema tuwaulize wapagazi.

Tuanze na mwili wenyewe. Traisepsi, msuli wa nyuma ya mkono, ni mkubwa kuliko baisepsi, na kazi yake ni kunyoosha kiwiko. Deltoidi imelifunika bega kama kofia, nayo hunyanyua mkono. Trapeziasi inatoka shingoni hadi katikati ya mgongo, ndiyo inayoshikilia bega mzigo ukikaa juu yake. Chini kabisa kuna misuli minne midogo inayozuia mfupa wa mkono usichomoke kwenye kiungo. Hiyo minne haionekani kwenye kioo, lakini ikichanika utaacha vyuma mwenyewe.

Sasa turudi karne ya 19. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, mwezi Novemba. Agosti 1858 Speke akaliona ziwa letu hapa Mwanza. Shuleni tulikariri jina lake, lakini mizigo aliibeba nani? Wapagazi! Ndugu zetu Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo, kilo 30 hivi kwa mtu, kwa miezi. Watu wa pwani walizoea kubeba kichwani, Wanyamwezi begani. Burton mwenyewe aliandika kuwa mtoto wa Kinyamwezi alianza kubeba kipembe kidogo cha ndovu tangu utotoni. Mnaona hapo? Mzigo mdogo kwanza, kisha unaongezeka mwaka hadi mwaka, mifupa na misuli ikizoea. Leo walimu wa mazoezi wanafundisha jambo hilohilo.

Halafu mpagazi yule alikuwa na ujira na posho. Posho ikikatika aligoma au alitoroka, na msafara ukasimama porini. Nguvu zake alijua bei yake.

Ikaja vita ya 1914 hadi 1918. Waingereza waliichukua Mwanza Julai 1916. Pande zote mbili zilikusanya wapagazi kwa nguvu, wengi wao wakulima ambao hawakuwahi kuishi kwa safari. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi, huku chakula kikiwa haba na mapumziko hakuna. Jina la Kariakoo kule Dar limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi hao. Tunanunua viatu pale bila hata kuwakumbuka.

Hao hawakukosa mabega, wengine walikuwa wamelima kwa jembe maisha yao yote. Walikosa chakula, usingizi na haki ya kusema mzigo huu hapana.

Kwa hiyo washkaji, mkibeba makopo yenu anzeni na dogo, mgongo msiusahau, na mle mshibe. Nami nikipewa darasa, somo la Speke nitalianza na waliombebea mizigo. Wenye babu waliokuwa wapagazi, hebu tuleteeni habari zao. Tupo pamoja!