Uhalisia wa mapigano ya MMA katika filamu

MMA ni mchezo unaoruhusu ngumi, mateke, magoti, viwiko, mieleka na mbinu za sakafuni ndani ya pambano moja. Filamu zilianza kuonyesha mchanganyiko huo kabla mchezo wenyewe haujapata jina wala kanuni, na tangu miaka ya 2000 zimeuonyesha kwa wingi. Kila inapotoka filamu mpya ya aina hii, watazamaji huulizana kama mbinu zilizomo ni za kweli, na karibu kila mara humkagua steringi, yaani mhusika mkuu: ngumi yake imenyooka, teke lake limepanda, kabali yake imefungwa inavyopaswa? Siku hizi jibu mara nyingi ni ndiyo, kwa kuwa waigizaji hufunzwa miezi mingi na walimu wanaoujua mchezo. Makala hii inashikilia kwamba wa kukaguliwa ni yule mwingine, mpinzani. Mbinu ya MMA huthibitika inapofanyika juu ya mtu anayeijua, anayeiona ikija na mwenye nguvu za kuikataa. Filamu nyingi, zikiwemo zilizotengenezwa na wajuzi, humwondoa mtu huyo na kuweka mahali pake mwili unaosubiri kupigwa.

Historia inaonyesha kwamba umbo sahihi la mbinu halijawahi kuwa kikwazo kikubwa. Mwaka 1973, katika tukio la mwanzo la Enter the Dragon, Bruce Lee anapambana na Sammo Hung wakiwa wamevaa glavu zilizo wazi vidoleni, na anamaliza kwa kumfunga mwenzake sakafuni mpaka asalimu amri. Mwaka 1987, mwishoni mwa Lethal Weapon, Mel Gibson anambana Gary Busey shingoni kwa kabali ya miguu kwenye nyasi zilizolowa. Mmoja wa waliomfundisha alikuwa Rorion Gracie, wa ukoo uliokuza jiujitsu ya Kibrazili. Watazamaji wengi wa wakati huo hawakujua walichokiona. Miaka 6 baadaye, tarehe 12 Novemba 1993, Rorion huyohuyo akiwa miongoni mwa waanzilishi, shindano la kwanza la UFC, kampuni ya mapambano ya MMA, lilifanyika Denver, Marekani. Mdogo wake, Royce Gracie, mwenye uzito wa kilo 80 hivi, aliwashinda watu watatu usiku mmoja bila kumwangusha yeyote kwa ngumi nzito.

Pambano la kwanza lililorushwa usiku huo lina somo ambalo filamu hazijalimeza mpaka leo. Gerard Gordeau wa Uholanzi alimpiga Teila Tuli teke la uso akiwa ameanguka, kisha konde, na pambano likasimamishwa kabla ya nusu dakika kupita. Mshindi alitoka na meno ya mpinzani yamekwama mguuni na mkono uliovunjika. Mifupa ya kiganja ni myembamba na fuvu ni gumu, kwa hiyo anayepiga kichwa cha mtu kwa konde tupu hujihatarisha mwenyewe. Katika filamu steringi huwapiga walinzi kumi na wawili usoni, mmoja baada ya mwingine, kisha anashika usukani na kuondoka. Hapo hata ngumi iliyotupwa kwa ufundi kamili ni ya uongo, maana fuvu la mpinzani nalo ni sehemu ya ukaidi wake.

Kabali ya nyuma ndiyo inayodhihirisha jambo hili vizuri kuliko mbinu nyingine yoyote, kwa sababu filamu huipenda na MMA huitegemea. Mkono wa mkabaji hupita chini ya kidevu mpaka koo likae kwenye kona ya kiwiko. Kiganja hushika msuli wa juu wa mkono wa pili, na mkono huo wa pili hujificha kisogoni. Ikikaa barabara, hubana mishipa mikubwa ya pande mbili za shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, na mtu huzimia ndani ya sekunde kama kumi. Hiyo ndiyo sehemu ambayo filamu huipata sawa. Kabla yake kuna kazi isiyoonyeshwa. Anayekabwa huinamisha kidevu kifuani, hukamata kile kiganja kwa mikono yake miwili na kukishusha, huteleza ili mgongo wake uguse sakafu, hujitahidi kuondoa miguu iliyomfunga kiunoni. Mkabaji naye hujibu kila hatua: hubadili mkono, humchokoza kwa ngumi ndogo za sikioni ili ainue kidevu, hunyoosha mwili kumvunja mkao. Mapambano hayo ya vidole na viganja huweza kula raundi nzima ya dakika 5, na mara nyingi huisha bila kabali kukaa. Baada yake kuna uongo wa pili. Aliyezimia kwa kabali akiachiwa huzinduka kwa kawaida baada ya sekunde chache, amechanganyikiwa, wakati mwingine bado anapigana na refa. Mlinzi wa kwenye filamu hulala mpaka tukio liishe.

Sababu moja ya hali hii iko kwenye kamera. Ngumi huigizwa kwa pembe: mpigaji hukosa shavu kwa nafasi ya kiganja, lenzi ikiwa nyuma ya bega, mpigwaji hugeuza kichwa, na sauti huongezwa baadaye. Mieleka na mbinu za sakafuni hazina pembe ya kuficha namna hiyo, kwa kuwa miili lazima ishikane kweli, uzito ulale kweli, shingo iingie kweli kwenye kiwiko. Ajabu ni kwamba eneo ambalo filamu ingeweza kuwa karibu zaidi na ukweli ndilo inalolikwepa zaidi. Wapangaji wa mapigano wana hoja yao: miili miwili iliyolala hufichana, na mtazamaji asiyejua mchezo haoni nani anashinda. Hoja hiyo ina uzito, lakini inachotaka ni mwongozaji aoneshe kila mmoja anatafuta nini na mwenzake anamnyima nini. Haimlazimishi kufuta sakafu.

Warrior ya mwaka 2011, iliyoongozwa na Gavin O'Connor, ni mfano mzuri kwa sababu ndani yake mna filamu mbili. Ndugu wawili, Brendan na Tommy, wanaingia kwenye shindano moja la watu 16 huko Atlantic City lenye zawadi ya dola milioni 5. Mapambano ya Brendan, anayechezwa na Joel Edgerton, ni miongoni mwa yaliyo bora katika aina hii. Anapokutana na Koba, anayechezwa na Kurt Angle, mshindi wa medali ya dhahabu ya mieleka katika Olimpiki ya 1996, anatupwa, anabamizwa na kupigwa kwa muda mrefu. Kila anachojaribu kinakataliwa. Ushindi wake wa kumfunga goti unatoka kwenye mlolongo wa mambo yaliyoshindikana, na ndiyo maana unaaminika. Mapambano ya Tommy, anayechezwa na Tom Hardy, ni kinyume chake: wapinzani huanguka kwa pigo moja au mawili kana kwamba hawakuwahi kufunzwa kuinua mikono. Mikono ya Hardy si mibaya; waliowekwa mbele yake ndio hawapigani. Fainali inaongeza kosa la aina nyingine. Bega la Tommy linatoka mahali pake, na pambano linaendelea kwa raundi nyingine. Chini ya kanuni za pamoja za MMA, zilizoanza kutumika New Jersey mwaka 2000, refa na daktari wana mamlaka ya kusimamisha pambano mpiganaji anapoumia, na mkono mmoja unaoning'inia ni sababu tosha. Filamu ilihitaji kaka amkabe mdogo wake kwa huruma mpaka agonge kusalimu amri, basi daktari akaondolewa kizimbani.

Filamu nyingine zinaipima hoja hii kwa namna tofauti. Redbelt ya David Mamet, ya mwaka 2008, iliandikwa na kuongozwa na mtu anayejifunza jiujitsu kwa dhati, na inaonekana: Chiwetel Ejiofor anasogea kama mwalimu, kwa uchumi wa nguvu na kwa subira. Hata hivyo kanuni ya shindano lake, ya kuokota gololi na anayepata nyeusi kupigana akiwa amefungwa kiungo, haipo katika MMA. Flash Point ya Hong Kong, ya mwaka 2007, inamwonyesha Donnie Yen akirusha, akikunja viwiko na kukaba kwa miguu kwa usahihi ambao filamu za kung fu hazikuuzoea, na Collin Chou anayekabiliana naye ni mpinzani mkaidi kwelikweli. Kinachokosekana hapo ni mapafu. Wanapigana kwa kasi ileile mwanzo mpaka mwisho, na mpiganaji yeyote wa kizimbani anajua kwamba baada ya dakika tatu za kushikana, mikono huwa mizito na kinywa hubaki wazi.

Haywire ya Steven Soderbergh, iliyoingia kumbi za Marekani mwaka 2012, ndiyo iliyokaribia zaidi katika filamu ambayo hata si ya michezo. Katika chumba cha hoteli huko Dublin, Gina Carano, aliyekuwa mpiganaji wa kweli, anashambuliwa ghafla na Michael Fassbender. Muziki unaondolewa. Kamera inakaa mbali vya kutosha miguu kuonekana. Mwanamume ni mzito zaidi, na uzito huo una kazi: unamtupa mwanamke ukutani, unamfanya ashindwe kujinasua kwa nguvu tupu. Anachofanya Carano ni kutafuta shingo kwa miguu yake, kwa hatua, huku mwenzake akifurukuta mpaka nguvu zinamwishia. Mtazamaji ambaye hajawahi kusikia jina la jiujitsu anaelewa kila kitu, na hilo ni jibu kwa wanaodai kuwa sakafu haisomeki.

Pingamizi la kwanza dhidi ya hoja hii ni kwamba kizimba chenyewe kimetoa maajabu yanayoshinda filamu. Mwezi Desemba 2010 huko Arizona, Anthony Pettis alikimbia, akakanyaga ukuta wa kizimba na kumpiga Benson Henderson teke la uso akiwa hewani. Mwaka 2011 huko Toronto, Lyoto Machida alimwangusha Randy Couture, ambaye anaonekana pia katika Redbelt, kwa teke la kuruka lililowakumbusha watu The Karate Kid ya mwaka 1984. Ni kweli, na wanaocheka mateke ya filamu wangepaswa kuyakumbuka haya. Lakini tuangalie yaliyofuata. Henderson alianguka, akainuka, akaendelea kupigana, na Pettis alishinda kwa uamuzi wa majaji. Teke hilo lilikuja katika raundi ya 5, baada ya zaidi ya dakika 20 za kazi. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Agosti 2022 huko Salt Lake City. Kamaru Usman, mzaliwa wa Nigeria, alikuwa anaongoza dhidi ya Leon Edwards na ilibaki chini ya dakika moja. Edwards alitanguliza mkono wa kushoto, Usman akainama kuukwepa jinsi alivyozoea, na kichwa chake kikakutana na mguu wa kushoto uliokuwa tayari njiani. Pigo lile lilijengwa juu ya ujuzi wa Usman. Mtu asiyejua kukwepa asingeinama, na teke lingepita. Filamu huiga mguu unaopanda na kusahau kichwa kilichoupokea.

Pingamizi la pili ni kwamba filamu si ripoti, na mtazamaji amelipa ili asisimke. Katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki, ambako filamu za Hong Kong na Hollywood zilisindikizwa na sauti ya msimuliaji, kila mtu alijua tangu mwanzo kwamba steringi hafi, na furaha haikupungua. Hoja hii inakubalika kwa tamthilia zinazotangaza wazi kuwa ni ndoto. Haizitetei filamu zinazojiuza kwa uhalisia wa MMA. Tena inakosea kuhusu msisimko wenyewe, kwa maana Koba na chumba cha Dublin vinasisimua kwa sababu ya ukaidi wa mpinzani, na mapambano ya Tommy husahaulika mapema.

Wapo pia wanaoamini kwamba kumweka mpiganaji wa kweli mbele ya kamera kunamaliza tatizo. Bruised, iliyoongozwa na kuchezwa na Halle Berry na kutolewa na Netflix mwaka 2021, ilimleta Valentina Shevchenko, aliyekuwa bingwa wa UFC, na Berry alisimulia kwamba alivunjika mbavu wakati wa kuigiza. Maumivu yalikuwa ya kweli. Hata hivyo bingwa aliyepangiwa cha kufanya amevuliwa kile kilichomfanya bingwa, yaani uhuru wa kumharibia mwenzake mpango. Uzoefu wake huonekana katika mkao na miguu, mambo ambayo mwigizaji mwenye bidii huweza kuyajifunza pia.

The Smashing Machine ya mwaka 2025, iliyoongozwa na Benny Safdie, ilichukua njia ngumu zaidi, ya steringi anayeshindwa na mpinzani mkaidi. Dwayne Johnson anamcheza Mark Kerr, mwanamieleka wa Marekani aliyeogopwa sana mwishoni mwa miaka ya 1990 na aliyetawaliwa na dawa za kutuliza maumivu, habari iliyokwisha kuelezwa katika filamu ya hali halisi ya John Hyams yenye jina hilohilo, ya mwaka 2002. Rafiki yake Mark Coleman anachezwa na Ryan Bader, mpiganaji wa kweli. Mwezi Mei 2000 huko Tokyo, katika shindano la Pride, Kerr alikutana na Kazuyuki Fujita wa Japani. Alianza kwa kumshambulia kwa nguvu, Fujita akastahimili, na pumzi ya Kerr ikakata. Sehemu kubwa ya muda uliobaki aliitumia chini, akijikunja na kupigwa, na majaji wakampa ushindi Fujita. Usiku huohuo Coleman ndiye aliyetwaa ubingwa.