Methadoni na Mama Mwenye Mimba

Leo tuzungumze juu ya dawa ambayo kina mama wengi wanaotumia unga huiogopa bure.

Mwaka 1964 huko New York, Marekani, madaktari watatu walianza kuwapa watumiaji wa heroini dawa ya kunywa iitwayo methadoni. Mmoja alikuwa Vincent Dole. Wawili walikuwa wanawake, Marie Nyswander na Mary Jeanne Kreek. Waliona kwamba kipimo kimoja kwa siku kinazuia arosto, na mgonjwa anaweza kula, kulala, hata kurudi kazini. Sisi tulichelewa. Kenya ilianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka 2015. Miaka hamsini, jamani!

Tangu hapo wengi wanaokuja ni wanaume. Dada zetu hujificha, maana teja mwanamume huhurumiwa lakini mwanamke hutukanwa, tena anahofia kunyang'anywa watoto.

Basi wewe mwenye mimba, usijifungie nyumbani ukaacha unga ghafla. Arosto kali inaweza kuharibu mimba au kuleta uchungu kabla ya wakati. Methadoni hutolewa hata kwa wajawazito, na mara nyingi kipimo huongezwa mimba ikikua. Mtoto huenda akazaliwa na arosto yake, lakini hiyo hutibiwa, na akina mama wengi walio kwenye dawa huruhusiwa kunyonyesha. Mwambie muuguzi ukweli siku ya kwanza ya kliniki, ili wale wa leba wajue mapema ni mtoto gani wa kuangaliwa kwa karibu.