Mwamuzi aliyependekezwa na Idi Amin

Wadau, kuna ubishi ulioanza Novemba 2024 ambao naona kwenye vijiwe vya kahawa hapa Mwanza bado haujapata mshindi. Tarehe 15 ya mwezi ule Mike Tyson, akiwa na miaka 58, alipanda ulingoni Arlington, Texas, kupigana na Jake Paul, kijana wa miaka 27 ambaye wengi walimfahamu kwanza kwa video zake za kwenye intaneti. Zilikuwa raundi nane za dakika mbilimbili, na Tyson akapoteza kwa pointi. Kambi moja inasema mzee alikuwa na uwezo ila aliamua tu kumaliza kazi na kuchukua chake. Kambi nyingine inasema bondia wa uzito wa juu akishazeeka na kuonja vipigo kadhaa, basi, atundike glovu.

Mimi nadhani kambi zote mbili zinaruka swali lenyewe. Na kwa kuwa sisi watu wa Kanda ya Ziwa tuna historia yetu katika jambo hili, nianzie nyumbani.

Ukisimama Capri Point unakiona Kisiwa cha Saa Nane pale mbele yako. Leo ni hifadhi ya taifa, watu wanakwenda kupiga picha na pundamilia. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya kivita ya Libya, Tupolev Tu-22, ilitumwa kuipiga Mwanza. Ikakosea shabaha, mzigo ukaangukia Saa Nane na kuua swala. Muammar Gaddafi alikuwa anamsaidia rafiki yake Idi Amin, ambaye wakati huo vita vilikuwa vimemgeukia na majeshi yetu yalikuwa yanaikaribia Kampala.

Sasa, Amin alikuwa bondia. Si bondia wa kujisifia baa. Akiwa askari wa King's African Rifles alishika ubingwa wa Uganda katika uzito unaopakana na uzito wa juu, kuanzia 1951 hadi 1960. Novemba 1978, baada ya jeshi lake kuvamia Kagera, alitoa pendekezo ambalo magazeti ya dunia yaliliandika kama kichekesho: yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, mwamuzi awe Muhammad Ali. Akaongeza kwamba yuko tayari kupigana mkono mmoja ukiwa umefungwa nyuma.

Watu wanalisimulia hilo kama kichaa cha Amin, na sibishi. Lakini lisome kama tangazo la bondia mstaafu. Miaka 18 imepita tangu aache ubingwa. Umri wake uko kwenye hamsini hivi, tumbo limetangulia, na bado anaamini ngumi iko palepale alipoiacha. Tena mpinzani anajichagulia mwenyewe: mwalimu wa shule mwembamba, miaka 56, ambaye hajawahi kuvaa glovu. Mabondia wengi waliozeeka hurudi kwa hesabu za namna hiyo. Mwalimu hakuwa na muda wa masumbwi. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979.

Ila anayenivutia zaidi katika kisa hiki ni yule mwamuzi.

Mwezi ule Amin anamtaja, Ali alikuwa na miaka 36 na alikuwa bingwa wa dunia kwa mara ya tatu. Februari 1978 alikuwa amepigwa na Leon Spinks, kijana aliyekuwa na mapambano saba tu ya kulipwa. Septemba akamrudia na kuuchukua mkanda. Kwa macho ya mashabiki, hapo ndipo ubishi ulipokwisha: mzee anapigwa, anarudi, anashinda. Lakini daktari wake, Ferdie Pacheco, alikuwa ameshaondoka kwenye kona. Baada ya pambano la Earnie Shavers la Septemba 1977 aliona majibu ya vipimo yanayoonyesha figo za Ali zimeumia. Akawaandikia barua Ali mwenyewe, mkewe na meneja wake. Hakuna aliyemjibu.

Mwaka 1979 Ali alitangaza kustaafu. Februari 1980 akatua Dar es Salaam, ametumwa na Rais Jimmy Carter kuishawishi Afrika isusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu alikataa kumwona. Aliona ni dharau, nchi kubwa kumtuma mwanamichezo kwa jambo zito la siasa. Waandishi wa Dar wakambana Ali: mbona Marekani haikuiunga mkono Afrika iliposusia Montreal mwaka 1976? Ilionekana wazi hakuwa amepewa habari hiyo. Tanzania ikaenda Moscow, na Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita huku kwetu Mara, akarudi na medali ya fedha ya mita 5,000. Filbert Bayi akaleta nyingine ya kuruka viunzi na maji. Mpaka leo hatujapata nyingine.

Miezi minane baada ya safari ile, Ali alirudi ulingoni.

Hapa ndipo penye jibu la ubishi wetu. Julai 1980 alipelekwa kliniki ya Mayo kupimwa. Ripoti ilieleza kwamba aliporuka kwa mguu mmoja hakuwa mwepesi kama ilivyotarajiwa, na alipoambiwa aguse pua kwa kidole alikosea kidogo. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa ni kupima umbali kwa inchi! Nevada wakampa leseni. Oktoba 2 akapanda Las Vegas kupigana na Larry Holmes, aliyewahi kuwa mshirika wake wa mazoezi. Uzito ulikuwa umeshuka, mvi zimetiwa rangi nyeusi, kwenye picha alionekana kijana. Kengele ilipolia hakuwa na kitu. Holmes alimpiga huku akitamani mwamuzi asimamishe. Kocha Angelo Dundee akamaliza mambo baada ya raundi ya 10. Katika mapambano 61 ya Ali, ndilo pekee alilopoteza kabla ya kengele ya mwisho.

Kwa nini yeye ashindwe vile, halafu George Foreman aweze? Foreman alipigwa na Ali Kinshasa Oktoba 30, 1974, akapigwa na Jimmy Young mwaka 1977, akaacha ngumi akawa mhubiri, akarudi baada ya miaka 10. Akapigwa tena na Evander Holyfield na Tommy Morrison. Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, amevaa bukta ileile nyekundu ya Kinshasa, alikuwa nyuma kwa pointi za majaji wote watatu. Raundi ya 10 akamshushia Michael Moorer mkono wa kulia, kijana akalala. Bingwa wa dunia.

Tofauti ni mtaji. Foreman aliishi kwa uzito wa ngumi, na uzito wa ngumi huondoka mwisho. Ali aliishi kwa miguu na macho, na hivyo huondoka kwanza. Baada ya kufungiwa kupigana kuanzia 1967 hadi 1970 miguu ile haikurudi sawasawa, ndipo akagundua kwamba anaweza kuvumilia kupigwa. Kinshasa aliegemea kamba, Foreman akapiga mpaka akachoka. Dunia ilishangilia ujanja ule. Mimi naona ndio uliommaliza, maana kuanzia pale mwili ukawa ndio ngao, na mazoezini pia.

Najua kuna atakayeniletea John Mugabi, jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Haki yake. Mugabi alipata medali ya fedha kwenye Olimpiki ileile ya Moscow, na alikuwa ameshinda mapambano 25, yote kwa KO, kabla Marvin Hagler hajamsimamisha Machi 1986. Alikuwa na ngumi ya kuangusha nyumba. Lakini Terry Norris alimmaliza raundi ya kwanza mwaka 1990, na Gerald McClellan raundi ya kwanza mwaka uliofuata. Miaka 31 tu! Ngumi ilikuwepo, kidevu kilikuwa kimekwisha. Kwa hiyo umri kwenye cheti si kipimo kizuri sana, wadau. Muulizeni bondia ameshapigwa mara ngapi, na wapi.

Baada ya Holmes ilikuwa vigumu kupata jimbo la Marekani la kumruhusu Ali apigane. Waandaaji wakampeleka Nassau, Bahamas. Desemba 11, 1981, ikiwa imebaki mwezi mmoja na siku chache atimize miaka 40, alipigana raundi 10 na Trevor Berbick. Maandalizi yalikuwa ya ovyo kiasi kwamba hapakuwa na kengele ya ulingo. Wakatafuta kengele ya ng'ombe, wakawa wanaigonga hiyo. Berbick alishinda kwa pointi za majaji wote. Mwaka 1984 madaktari wakautaja ugonjwa kwa jina lake, Parkinson.