Bati la Kyerwa na Taa ya Dagaa

Mtumbwi wa dagaa hauvui bila taa. Katika Ziwa Victoria wavuvi hungoja siku za giza, mwezi ukiwa haupo, kisha huwasha taa juu ya maji ili dagaa wapande. Kwa miaka mingi taa hiyo ilikuwa karabai. Jina lenyewe limetokana na kabaidi, kemikali iliyotoa gesi katika taa za zamani zaidi. Taa za kupiga pampu zilipokuja na mafuta yake, zikarithi jina. Siku hizi nyingi zimepisha taa za LED zinazotumia betri ya volti 12, na fundi wa mwaloni aliyekuwa akizibua pua ya karabai sasa anashika mita na pasi ya kulehemu.

Wakati wa utafiti wangu wa shahada ya uzamili nilikaa na fundi mmoja Kemondo. Aliletewa taa inayowaka na kufifia. Hakuifungua. Alipima betri kwanza: volti 12.6, imejaa. Akawasha taa na kupima tena kwenye betri: 12.4. Kisha akapima pale waya unapoingia kwenye taa: 9 na kidogo. Volti tatu zilikuwa zimepotelea njiani. Akaufuata waya kwa vidole hadi kwenye kiungo kilichosokotwa na kuzungushiwa utepe. Ndani, shaba ilikuwa imeota kutu ya kijani. Unyevu huingia kwenye waya kama mafuta kwenye utambi, kutu huuzuia umeme, na mtikisiko wa injini humalizia kazi. Akakata, akakwangua, akalehemu.

Waya wa lehemu aliotumia umeandikwa 60/40: sehemu 60 za bati, 40 za risasi. Bati peke yake huyeyuka kwenye nyuzi joto 232. Likichanganywa hivyo na risasi, huanza kulainika kwenye 183, joto ambalo pasi ndogo hulimudu. Karibu nusu ya bati lote linalotumika duniani huishia kwenye lehemu. Limo ndani ya simu yako, redio ya bibi yako na chaja ya sola. Hata waya bora wa vyombo vya majini ni shaba iliyopakwa bati ili isiote kutu.

Mimi nimezaliwa Kyerwa, wilaya iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi mwaka 2012. Kwetu bati ni mchanga mweusi, mzito kuliko unavyoutazamia ukiushika. Wataalamu huuita kasiteriti. Tukiwa watoto tulidhani ndio unaotengeneza mabati ya nyumba, kumbe mabati ni chuma kilichopakwa zinki.

Karagwe ilijua madini kabla ya wakoloni. Wahunzi wake waliyeyusha chuma, na watawala wake pale Bweranyange walihifadhi vifaa vya chuma kama alama za ufalme. Speke na Grant walipofika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, walimkuta mtawala wa nchi ambayo chuma kilichimbwa, kikayeyushwa na kufuliwa hapohapo, kikarudi shambani kikiwa jembe.

Bati halikupata safari hiyo. Uchimbaji wake ulianza miaka ya 1920, chini ya Waingereza, na tangu mwanzo lilichimbwa ili liondoke. Umeme nao ulifuata njia hiyohiyo. Ng'ambo ya Mto Kagera, Kikagati, mitambo ya umeme wa maji ilijengwa miaka ya 1930 kwa ajili ya migodi ya bati ya upande wa Uganda. Iliharibiwa katika vita vya mwaka 1979. Mitambo mipya ya megawati 14 imejengwa hapo Kikagati–Murongo, na safari hii nchi mbili zinagawana umeme nusu kwa nusu.

Kwa wachimbaji wadogo, jambo gumu limekuwa soko. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria inayozitaka kampuni kueleza kama bati, tantalamu, tangisteni na dhahabu zao zimetoka Kongo au nchi zinazopakana nayo. Tanzania ni mojawapo. Nchi za Maziwa Makuu zikaweka utaratibu wa vyeti vya asili ya madini. Kusudi lilikuwa kuwanyima fedha wenye bunduki wa Kongo, lakini mchimbaji wa Kyerwa, ambako hakuna vita, naye alijikuta akihitaji karatasi. Bila karatasi, mchanga wake huuzwa kwa bei ya kificho, au huvushwa mto usiku.

Nimejiuliza mara nyingi kama kwenye kile kiungo cha Kemondo kulikuwa na chembe ya kwetu. Hakuna awezaye kusema. Mchanga unaweza kupimwa na kuhusishwa na mwamba ulikotoka, lakini tanuru huchanganya bati la nchi nyingi likawa kitu kimoja. Ndiyo maana maandishi lazima yaanzie shimoni, mchanga ukiwa bado kwenye mfuko wa aliyeuchimba, jina lake na la kijiji chake vikiwa juu yake. Huko tanurini, Kyerwa inageuka kuwa namba 60 kwenye kibandiko.