Kufuli la Simu

Kila nyumba Nairobi ina ule mkebe wa biskuti usio na biskuti. Wetu una sindano, nyuzi na vifungo vya mashati ambayo hayapo tena. Mwaka jana nilikuwa natafuta uzi wa kushonea mkoba wangu nikapata pia kufuli dogo la chuma, fupi kuliko kidole changu cha mwisho, halina ufunguo.

"Mathe, hii ni ya sanduku gani?"

"Hiyo si ya sanduku. Ni ya simu."

Nikacheka. Mimi simu najua kuifunga kwa PIN. Akachukua sahani, akaniwekea mezani, akaanza kunionyesha kwa kidole jinsi simu ya kuzungusha ilivyokuwa: tundu kumi, moja kwa kila namba, na kizuizi kidogo cha chuma pale chini. Unaingiza kidole, unazungusha hadi kigonge kizuizi, unaachilia. Kufuli lilikaa ndani ya tundu la 1, lililo karibu kabisa na kizuizi. Ukizungusha, kufuli linagonga mara moja na diski inakwama. Unaweza kupokea simu kutwa nzima. Kupiga, sahau.

Nimeacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo historia nasoma kwa wivu na bila mpangilio. Usiku ule nilianza na diski yenyewe, na nikakuta kwamba ilizaliwa kwa sababu ya kutoaminiana. Simu za kwanza hazikuwa na namba za kuzungusha. Ulichukua mkonga, ukamwambia opareta unamtaka nani, naye akachomeka waya kwenye ubao. Boston walianza na vijana wa kiume, lakini adabu iliwashinda, na mwaka 1878 wakamwajiri Emma Nutt, mwanamke wa kwanza kufanya kazi hiyo. Sasa, huko Kansas City kulikuwa na bwana mmoja, Almon Strowger, aliyeuza majeneza na kuzika watu. Aliamini kuwa maopareta walikuwa wakipeleka wateja wake kwa mshindani. Inasimuliwa kwamba opareta mmoja alikuwa mke wa huyo mshindani, ingawa hadithi tamu namna hii mimi huila na chumvi kidogo. Lililo wazi ni kwamba mwaka 1891 Strowger alipata hataza ya mtambo unaounganisha simu bila opareta, na mwaka 1892 mtambo wa aina hiyo ukafunguliwa La Porte, jimbo la Indiana.

Simu za La Porte hazikuwa na diski. Zilikuwa na vitufe, na ulibonyeza kila kimoja mara kadiri ya namba unayotaka. Diski ilikuja miaka michache baadaye, mwaka 1896, kumsaidia mtu asipoteze hesabu. Lakini kazi yake ni ile ile: ikirudi mahali pake inakata umeme wa laini mara tatu kwa namba 3, mara tisa kwa namba 9, mara kumi kwa sufuri. Mtambo ule mbali hauoni kidole chako. Unahesabu mikato tu.

Hapo ndipo kufuli la mathe lina kasoro, na yeye aliijua kabla yangu.

Mwaka 1996 alikuwa sekretari kwenye kampuni moja ya Industrial Area. Wakati huo laini zote zilikuwa za Shirika la Posta na Simu, lile lililoanzishwa mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika. Laini ilisubiriwa miaka. Ukiipata, unailinda kama ng'ombe wa maziwa. Bosi wake alifunga diski kila akitoka na ufunguo akaenda nao. Simu ilikuwa juu ya meza ya mathe, yeye ndiye aliyeipangusa kwa kitambaa kila asubuhi, aliyenyoosha ule waya wa kujikunja ukijifunga mafundo, na hakuruhusiwa kuitumia.

Jioni moja simu ikalia. Ni shangazi, anapiga kutoka kibanda cha hospitali: babu amelazwa. Sarafu zikaisha katikati ya sentensi. Mathe akabaki na mkonga mkononi. Bosi ameenda. Kufuli lipo.

Kulikuwa na messenger mzee pale ofisini aliyewahi kumwonyesha kitu kama mchezo. Vile vifundo viwili vinavyobonyea ukirudisha mkonga, navyo vinakata umeme wa laini. Ukivigonga upesi na kwa mdundo mmoja, mtambo unadhani ni diski. Gonga mara tatu, ni 3. Pumzika kidogo. Gonga tena. Bila kujua, huyo mzee alikuwa amerudi La Porte. Namba ya hospitali ilianza na sufuri, yaani migongo kumi, na ukichelewa mmoja umempigia mtu mwingine kabisa. Jaribio la kwanza lilifika kwa mwanamume aliyetukana. La tatu likafika wodini.

Babu aliletwa kwenye simu. Akamuuliza kama amekula.

Alifariki Jumapili. Mathe anasema bosi hakujua kamwe kuhusu ile simu. Kampuni ilipoleta simu za vitufe, zile za zamani zikarundikwa uani, na yeye akatoka na kufuli kwenye mkoba.

Namsikiliza nikiwa na vumbi la chini ya meza kwenye magoti. Siku hizi fundi mmoja huniita akipata kazi ya ofisi yenye meza nyingi. Tunafunga hedseti zisizo na waya kwenye simu za mezani: unachomoa waya wa mkonga kwenye simu, unauchomeka kwenye kitako cha hedseti, halafu waya wa kitako unaingia pale mkonga ulipokuwa. Chini ya mkonga unaweka kimkono chenye mota kinachounyanyua mhudumu akibonyeza kitufe cha sikioni. Wiki ya kwanza nilikibandika kabla ya kujaribu. Kikanyanyua kidogo mno, kifundo hakikuachia, laini kimya. Nilipokibandua gundi ikatoka na rangi ya simu. Fundi hakusema kitu, ambayo ni mbaya zaidi.

Maikrofoni ikae vidole viwili kutoka pembe ya mdomo. Sponji za masikio zipanguswe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na dawa isipulizwe moja kwa moja. Hayo huwa nawaeleza wahudumu, na wao huniuliza swali moja tu: hii inahesabu dakika nikienda chooni? Huwa najibu kwamba kuhesabu ni kazi ya kompyuta, si ya hedseti. Ni kweli, na haiwasaidii.

Juzi nikamwambia mathe anionyeshe ule mdundo. Akasukuma kikombe pembeni, akaanza kugonga meza kwa kidole kimoja, haraka, macho kafumba. Nikahesabu. Kumi. Akapumua. Nne. Namba yote bado anayo.